Folda ya Chetan

Shemeji yangu Machibya ni mtu wa kupendwa kwa mbali. Ukimsikia redioni, au ukimwona anashuka garini pale Mabatini na miwani ya jua hata kama mvua inanyesha, unaweza kudhani jiji zima la Mwanza limejengwa ili yeye apate mahali pa kuegesha. Mimi nimekaa kwenye meza ya mlangoni pa studio yake miaka kumi na zaidi, na mke wake Suzana ni dada yangu wa tumbo moja, kwa hiyo nina haki ya kumsema. Nampenda, na ananichosha.

Alizaliwa Igoma, nyuma ya karakana ya baiskeli ya baba yake. Shuleni alikuwa mfupi na mwembamba mpaka wenzake wakamwita Furu, kama vile visamaki vya ziwani ambavyo unakula kumi na bado unauliza chakula kiko wapi. Badala ya kukasirika akalichukua jina hilo akapanda nalo jukwaani. Emsi Furu. Wa rika langu wanamkumbuka akichana mistari kwenye mahafali na ufunguzi wa maduka, amevaa suruali mbili, moja juu ya nyingine, ili aonekane ana mwili.

Wimbo wake wa kwanza uliitwa Mizani ya Pamba. Ulimhusu mnunuzi anayenyanyua gunia kwa ncha ya kiatu ili mizani isome pungufu, wakati mkulima ameinama anafunga kamba. Ulipigwa redioni msimu mzima. Ukaimbwa Magu, Misungwi, Kwimba, hadi kwenye minada ya ng'ombe. Lakini kanda halisi ilikuwa ya mwenye studio, bwana mmoja wa Nyegezi, na bwana yule alipochoka na muziki aliuza mitambo yote kwa kanisa baada ya kuisafisha vizuri na kufuta kanda zote, maana hakutaka waumini wakute mambo ya dunia. Machibya alipokuja kuutafuta wimbo wake, haukuwapo popote. Aliutafuta miaka mitatu, kwenye makabati ya redio na kwenye kaseti za makondakta, akaishia kupata mikwaruzo.

Basi alipoacha kuimba na kufungua lebo yake, Furu Rekodi, jambo la kwanza alilofanya ni kumwita mchoraji aandike ukutani kwa rangi nyekundu: HAPA SAUTI HAIPOTEI. Jambo la pili ni sheria. Hakuna wimbo uliotoka kwenye chumba kile kabla yeye hajasema umeiva. Hakuna flashi, hakuna simu. Simu za wasanii nilizipokea mimi mlangoni kwenye kikapu cha ukindu, kwa sababu wimbo ukivuja tu, jioni unaukuta kwenye vibanda vya kujazia memori kadi, na kesho kila bodaboda anao. Na alikuwa mgumu kuridhika. Kwake wimbo uliiva taratibu kuliko ndizi za msimu wa baridi. Wasanii walilalamika, wakasaini hata hivyo, maana mkataba wake ulikuwa na muhuri na hakukuwa na mwingine wa kuwasikiliza.

Kulikuwa na desturi nyingine, na hiyo naomba msomaji aishike. Ilitoka karakana ya baba yake. Mzee yule hakuandika baiskeli kwa jina la anayeiendesha, aliiandika kwa jina la aliyeileta na atakayelipia, ili asije akasumbuana na mtu asiyehusika. Machibya akaihamishia studio kama ilivyo. Kila kilichorekodiwa kiliwekwa kwenye folda yenye jina la mlipaji. Kwaya ilikuwa chini ya jina la mchungaji. Harusi ilikuwa chini ya mjomba wa bibi harusi. Aliyeandika majina hayo ni mimi.

Wasanii wake wawili waliokuwa bora walikuwa ndugu, Luhende na Rebeka, watoto wa mwalimu Dorotea wa Nyegezi, mama mjane aliyestaafu kufundisha shule ya msingi. Luhende alikuwa rapa, mwepesi wa ulimi kama Machibya wa zamani. Rebeka aliimba. Siku moja Chetan, mwenye duka la vifaa vya ujenzi mtaani kwetu, alikuja kurekodi tangazo la rangi za nyumba, akamsikia Rebeka akijaribu maiki. Alisimama pale na kopo la sampuli mkononi mpaka binti akamaliza. Kisha akamwambia Machibya, "Huyu mrekodi. Mimi nalipa. Usiniulize kwa nini."

Rebeka akarekodi nyimbo nne peke yake, siku nne mfululizo, ndani wakiwa yeye na Machibya tu. Mimi nilikuwa nje ya mlango mzito, nikisikia mdundo bila maneno. Luhende alikuwa Musoma kwenye maonyesho. Machibya alitoka akasema bado hazijaiva, akazifungia. Nikaziweka kwenye folda ya Chetan, pamoja na matangazo ya rangi na misumari.

Machi mwaka jana Rebeka alipatwa na homa, na siku ya tatu akafariki. Alikuwa na miaka ishirini na minne. Kule msibani Machibya alilia kwa sauti, na kilio kile hakikuwa cha kuigiza, nilikuwa nimemshika bega. Alimwambia mwalimu Dorotea mbele ya watu, "Mama, sauti yake ninayo. Tukishaanua matanga nakuletea mwenyewe." Yule mama alimshika mikono yote miwili. Nyumbani walikuwa na picha zake nyingi na video moja ya harusi ambamo anacheka, lakini akiimba hawakuwa na hata sekunde moja. Sheria ya kikapu ilikuwa imefanya kazi yake.

Jumanne baada ya matanga, Machibya aliniita ndani.

"Odeta, ya Rebeka umeiweka wapi? Siioni."

"Haipo kwa jina lake. Aliyelipia ni Chetan, shemeji. Iko kwa Chetan."

Akauliza polepole, "Kwa Chetan si matangazo ya rangi?"

"Matangazo na Rebeka."

Akavua miwani. Mwezi wa Desemba alikuwa amefuta folda hiyo kwa mkono wake. Matangazo ya Chetan yalikuwa yameisha muda, na yeye alihitaji nafasi kwa ajili ya albamu yake mwenyewe, maana katika umri wa miaka arobaini na mbili alikuwa ameamua Emsi Furu arudi. Alifuta kwenye diski kubwa, akafuta na kwenye ile ya akiba, kisha juu yake akajaza sauti yake. Diski zote mbili tulizipeleka kwa fundi kompyuta mjini. Alikaa nazo wiki mbili. Alichofanikiwa kukirudisha ni mwanamume anayetangaza kwamba misumari ya bati imefika.

"Nitamwambiaje yule mama?" Machibya aliniuliza.

"Kwa mdomo," nikamjibu, kwa sababu nilikuwa na hasira, naye na mimi mwenyewe.

Hakwenda. Alingoja, na kila siku aliyongoja ilifanya ya kesho iwe ngumu zaidi. Luhende alipokuja mwezi wa Mei, shemeji alikuwa ameshapata pa kujificha. Alitoa mkataba kwenye droo, akauweka mezani kwangu, akakiwekea kidole kipengele cha saba: sauti zote zilizorekodiwa ni mali ya lebo.

"Bosi, sitaki kuzitoa redioni," Luhende alisema. "Mama anataka kusikiliza tu. Hata hapa hapa, aje akae kwenye kile kiti."

"Lebo inapanga. Kila kitu na wakati wake."

"Wakati upi? Mtu ameshakufa."

"Soma kipengele, dogo."

Luhende alimtazama, kisha akanitazama mimi. Nilikuwa napanga karatasi ambazo zilikuwa zimepangika tayari. Ningeweza kusema pale. Sikusema, na sina kisingizio cha maana.

Juni, Luhende alialikwa kwenye kipindi cha asubuhi cha redio moja ya hapa mjini. Mtangazaji akampigia Machibya simu hewani, kwa uchokozi wao wa kawaida. Ndipo Luhende akasema maneno ambayo mtu asiye wa huku angeyaona mchezo tu. Alisema babu yake alikuwa Mgika, na babu yake Machibya, kila mtu wa Igoma anajua, alikuwa Mgalu. Wagika na Wagalu ni vyama viwili vya ngoma vya Wasukuma, na baada ya mavuno vilikuwa vikishindana uwanja mmoja, saa ile ile, kila kimoja upande wake. Hakukuwa na majaji wa kuinua namba. Watu wenyewe walikimbilia ngoma iliyowavuta, na mwisho wake upande wenye umati ndio ulioshinda. Hakuna aliyebishana na umati.

"Tukutane hivyo," Luhende akasema. "Majukwaa mawili, muda wa saa moja, tuimbe kwa pamoja. Nikishinda, ananipa nyimbo za dada yangu siku hiyo hiyo. Akishinda yeye, nafunga mdomo. Sitaziomba tena maisha yangu yote."

Mtu mwenye akili angekohoa akakata simu. Shemeji yangu akasema, "Taja uwanja."

Wiki tano zilizofuata sitaki kuziishi tena. Mjini ilikuwa ni hiyo habari tu. Wazee waliokuwa hawajui rap ni nini wakaanza kuulizana nani Mgika na nani Mgalu. Mhoja, mwenyekiti wa mtaa, akakubali kushika filimbi. Machibya alikimbia kila alfajiri mpaka Nyakato na kurudi, akahema, akatema mate, akafoka mbele ya kioo cha dada yangu. Hakuwa amesimama jukwaani miaka kumi na miwili. Wapo waliomshauri aende kwa mtaalamu wa dawa za ushindi, kama walivyofanya wababe wa zamani. Akasema yeye ni mtu wa kanisa, kisha akaniuliza kwa sauti ya chini nauli ya kwenda huko ni ngapi.

Jumamosi, siku moja kabla, nilimfungia mlango wa studio nikasimama mbele yake.

"Ukishindwa kesho utampa nini?"

"Sitashindwa."

"Shemeji, mwambie leo. Mwite yeye na mama yake, uwaambie."

"Nikishinda, hatauliza tena. Kaahidi mwenyewe, mji mzima umesikia. Unajua watanifanya nini, Odeta? Mimi niliyeandika vile ukutani?"

Nilijua. Nilijua pia kwamba hakuwa anaogopa watu wa mjini nusu ya anavyomwogopa yule mwalimu mstaafu. Nikamfungulia mlango.

Jumapili saa tisa uwanja wa mpira kule Igoma ulikuwa umejaa mpaka juu ya mawe. Majukwaa yalikuwa kwenye magoli mawili, na katikati mstari wa chokaa. Watu walitakiwa kuanza wakiwa kwenye mstari. Mwalimu Dorotea nilimwona amekaa pembeni kwenye kiti cha plastiki, sawasawa na ule mstari, mkoba mapajani. Hakuegemea upande wowote. Nikamsalimia shikamoo, akaitikia marahaba mwanangu, akaniuliza kama nimekula.

Mhoja alipiga filimbi na spika zote zikapiga kelele kwa wakati mmoja. Umati ukayumba kidogo, kisha ukakimbia. Ulikimbilia kwa Luhende. Vijana wote walikwenda kule, vumbi likawafuata. Kwa shemeji walibaki watu kama wa kujaza basi moja, nusu yao ni ukoo wetu. Suzana alikuwa mbele kabisa akipiga makofi kwa nguvu mno, kama mtu anayefukuza ndege shambani.

Machibya alifoka nyimbo za albamu mpya, moja baada ya nyingine, zile zile zilizokaa mahali pa Rebeka. Hakuna aliyezijua. Dakika ya ishirini shati lilikuwa limemgandia mgongoni. Dakika ya thelathini hata binamu zake wakaanza kuchungulia upande wa pili. Nilikuwa nyuma ya jukwaa karibu na mtu wa mitambo, na nitasema ukweli wa moyo wangu: niliomba ashindwe. Niliomba iishe, aseme, tupumue. Na papo hapo, alipojikwaa kwenye ubeti na sauti ikamkauka, niliona uchungu hata machozi yakanitoka, kwa sababu ni shemeji yangu na ameoa kwetu.

Ndipo akaashiria biti izimwe. Upande wetu ukanyamaza ghafla, zikabaki kelele za Luhende kwa mbali. Machibya akavua miwani, akaanza bila ala yoyote:

"Mzee funga gunia, usiinue macho..."

Alikuwa anaukumbuka ubeti wa kwanza peke yake. Nilijua, kwa sababu ameniimbia mara mia akilalamika kwamba mengine yamepotea. Ubeti ukaisha, akafungua mdomo, hakuwa na kitu. Mwanamke mmoja aliyekuwa na beseni la karanga kichwani akauendeleza. Hakupiga kelele, aliimba tu, tena akiwa amepata kila neno. Dereva wa lori akaingia mstari uliofuata. Kisha wale waliokuwa wamesimama pembeni ya uwanja, watu wa umri wetu waliokuja kutazama kwa aibu, watu wenye watoto sekondari, wakaanza kusogea. Waliuimba ubeti wa pili wote. Waliuimba wa tatu. Machibya aliwanyooshea maiki na kuwasikiliza, akiwa ameshika kichwa, anafundishwa wimbo wake.

Upande wa Luhende vijana wakageuka kuona wazazi wao wamepatwa na nini. Mmoja akaja, kumi wakaja, kisha ukaja ule mkimbio wenyewe ambao wazee husimulia, umati mzima ukivuka chokaa kwa pamoja. Filimbi ya mwisho ilipolia kwa Luhende walibaki wacheza ngoma wake na mbwa mmoja. Mhoja hakuhitaji hata kutazama. Akauinua mkono wa shemeji.

Watu walimbeba. Nilimwona usoni akiwa juu ya mabega, na alikuwa na furaha, furaha tupu ya mtu aliyepona. Walipomshusha nyuma ya jukwaa Luhende alikuja akiwa amelowa jasho, akampa mkono kiungwana.

"Umenishinda, bosi. Nimekubali. Sitauliza tena."

"Wewe ni mkali, dogo," Machibya akasema, na sauti yake ilikuwa nyepesi.

Nyuma ya Luhende alikuwa mama yake. Alipanda zile ngazi tatu za mbao akishikilia ukingo, mkoba mkononi. Machibya akainama kumwamkia.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Hongera." Akahema kidogo. "Luhende ameahidi kwamba hataomba, na ahadi yake ataishika, nimemlea hivyo. Lakini mimi sikuahidi chochote. Nimesikia leo watu wanavyokurudishia wimbo wako, nikafurahi kwa ajili yako. Sasa naomba na mimi. Mara moja tu. Siku utakayosema, nitakuja."

Machibya alinitazama. Safari hii sikupanga karatasi. Nikatikisa kichwa, kwa maana ya kwamba hakuna pa kwenda tena.

"Hazipo, mama," akasema. "Nilizifuta. Sikujua kama ni zake. Desemba, kabla hajafa. Nimekudanganya tangu matanga."

Luhende aliweka mkono kwenye mlingoti wa turubai. Mama yake alisimama vile vile, nikaona midomo yake ikifanya hesabu ya miezi.

"Zote nne?"

"Zote."

"Na hakuna mwingine aliyezisikia."

"Mimi peke yangu."

"Basi wewe niambie," mwalimu Dorotea akasema, na alisema kwa upole, kama anavyomsogelea mtoto asiyeweza kusoma ubao. "Wewe ulikuwa ndani. Alikuwa anaimba nini? Hata mstari mmoja. Mimi nitaushika."

Machibya akafumba macho. Nilimwona akitafuta, kweli kabisa, jasho linamtiririka mpaka kidevuni. Siku zile nne alikuwa akitazama taa za mashine, sauti isije ikazidi. Alizisikiliza kama bosi anavyosikiliza.

"Sikumbuki, mama," akasema. "Nakumbuka kitu kimoja. Wimbo wa tatu alisimama katikati, akasema koo limekauka, akaomba maji."

"Akaomba maji."

"Ndiyo."

"Ukampa?"

"Nilimwita Odeta, yeye ndiye aliyempa."

Akanigeukia. Akanishika mkono kwa mikono yake miwili, kama alivyomshika Machibya kule msibani, na hakuniachia haraka.

"Asante, mwanangu," akaniambia. "Asante kwa kumpa mwanangu maji."

Nikasema karibu, mama. Sikumwambia kwamba lile jina la Chetan nililiandika mimi.